Risasi Yenye Vitundu

Mwanga wa kawaida hutii lenzi. Mwale wa gama hautii. Hupenya kioo ukaenda zake. Ndiyo maana Hal Anger, aliyebuni kamera ya gama huko Berkeley, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, alilazimika kuweka risasi mbele ya jicho la kamera. Mwanzoni risasi hiyo ilikuwa na kitundu kimoja tu. Baadaye likazoeleka bamba lenye maelfu ya vitundu sambamba, liitwalo kolimeta.

Kazi ya bamba hilo ni kukataa. Mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi, mara nyingi teknetiamu-99m, na miale humtoka kila upande. Kolimeta hupitisha ile tu inayokwenda sambamba na vitundu vyake, takriban mwale mmoja katika kila 10,000. Mingine humezwa na risasi au hupotea chumbani. Mama yangu aliwahi kulala chini ya kamera ya namna hiyo, akaambiwa asijitikise, naye akatii mwanzo hadi mwisho. Tangu nilipoijua hesabu hiyo nimekuwa nikijiuliza: nani aliamua kwamba hasara kubwa kiasi hicho inafaa?

Hakuna aliyeipenda. Mshika mawili moja humponyoka. Ukirefusha vitundu au ukivifanya vyembamba, picha huwa wazi zaidi lakini miale hupungua, na mgonjwa itabidi alale muda mrefu au apewe dawa zaidi. Ukivipanua, miale huongezeka na picha huingia ukungu. Kuta kati ya vitundu zikiwa nyembamba mno, miale yenye nguvu ya iodini-131 huzipenya na kuchafua picha. Na kutengeneza bamba jipya kila unapotaka kujaribu vipimo vingine ni ghali.

Njia ya kujaribu bila kugusa risasi ilitoka mahali nisipopatarajia. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam, akipata nafuu baada ya kuugua, alikuwa akicheza karata peke yake. Akataka kujua uwezekano wa kushinda. Hesabu ikawa ngumu. Akaona afadhali mtu acheze mara nyingi, kisha ahesabu ushindi. Yeye na John von Neumann wakaitumia fikra hiyo Los Alamos, kufuatilia nyutroni katika hesabu za silaha za nyuklia. Mwenzao Nicholas Metropolis akaipa jina la mji wa kamari, Monte Carlo.

Kutoka kwenye bomu, hesabu hiyo ikahamia hospitali. Mwaka 1989 Michael Ljungberg na Sven-Erik Strand wa Lund, Uswidi, walichapisha programu ya SIMIND. Mwaka 2004 ikafuata GATE. Ndani ya kompyuta kila fotoni hurushiwa kete: ielekee wapi, isafiri umbali gani, imezwe au ibadili njia. Kwa kuwa karibu zote hufia kwenye risasi, inabidi zirushwe mamilioni kwa mamilioni.

Uigaji huu haujaiondoa hasara. Mwale mmoja katika 10,000 bado ni mmoja katika 10,000. Lakini gharama ya kujaribu, ya bamba lililopimwa vibaya, haina haja tena ya kupitia mwilini mwa mtu. Kwa hesabu iliyokulia kwenye silaha, naona hilo si jambo dogo.