Sanamu ya muasi, na muasi aliye hai

1/ Kila tukianza mjadala wa mashujaa, kuna mtu lazima aulize: mbona serikali inamjengea sanamu muasi wa jana huku ikimwinda muasi wa leo? Sitataja mwanasiasa wala chama, sheria ya uzi huu mnaijua. Leo nawapeleka Moscow, mwaka 1919, kwenye sanamu ya mbao.

2/ Mwaka 1917 mfalme wa Urusi aling'olewa, na kabla mwaka kuisha wanamapinduzi wakashika serikali. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata. Aprili 1918 ikatoka amri: sanamu za wafalme na watumishi wao zishushwe, za wanamapinduzi zisimamishwe. Wananchi wengi hawakujua kusoma, kwa hivyo sanamu ingefanya kazi ya kitabu.

3/ Mchongaji Sergey Konenkov, mtoto wa wakulima wa Smolensk, akachagua mbao. Akamchonga Stepan Razin na kundi lake, akawapaka rangi. Razin alikuwa Mkosaki, wale wapanda farasi wa mpakani, kutoka mto Don. Mwaka 1670 aliongoza uasi wa maskini na watwana dhidi ya mabwana. Mwaka 1671 alikatwa vipande hadharani Moscow.

4/ Sanamu ilizinduliwa tarehe 1 Mei 1919 katika Uwanja Mwekundu, kwenye Lobnoye Mesto, jukwaa la mawe ambapo zamani amri za mfalme zilisomwa. Mkuu wa serikali mwenyewe alihutubia. Fumbo lilikuwa wazi: Razin pale si mtu mmoja, ni kila mnyonge aliyewahi kuinuka. Na sasa ati wanyonge ndio wenye uwanja.

5/ Niliposoma hayo mara ya kwanza nilifurahi. Halafu nikaangalia tarehe. Januari mwaka huo huo iliamriwa nafaka ya wakulima ichukuliwe kwa viwango vilivyopangwa na serikali. Mwezi huo huo likatoka agizo la siri la kuwakandamiza Wakosaki bila huruma. Machi, Wakosaki wa Don ya juu wakaasi. Yaani siku ambayo Mkosaki wa mbao alipigiwa makofi, jeshi la serikali ile ile lilikuwa likipigana na Wakosaki wa nyama na damu, wa mto ule ule.

6/ Tuwe wa haki. Watawala walikuwa na hoja: miji ina njaa, askari lazima wale, majeshi ya wapinzani yanasonga kutoka mashariki na kusini. Yote kweli, na wapinzani hao nao waliua raia. Lakini mkulima aliyechukuliwa gunia lake la mwisho, hoja hiyo ilimlisha nini?

7/ Mwaka 1920 wakulima wa Tambov nao wakainuka. Machi 1921 serikali ikaacha kuchukua nafaka kwa nguvu, ikaweka kodi. Kumbe kilio chao kilikuwa na msingi! Hata hivyo Juni jeshi likaruhusiwa kutumia gesi ya sumu dhidi ya waasi waliojificha msituni. Hao serikali ile haikuwachongea sanamu.

8/ Mbao haivumilii mvua kama shaba, kwa hivyo Razin hakukaa sana pale uwanjani. Leo yuko ndani, Makumbusho ya Urusi, St. Petersburg.

9/ Mimi nasoma siasa, na nimejifunza hivi: muasi aliyekufa hana deni la kudai. Hawezi kuuliza nafaka imeenda wapi. Ndiyo maana ni rahisi kumpenda. Kwa hivyo mtu akikwambia "sisi tunaheshimu mashujaa", usibishane naye kuhusu sanamu. Muulize shujaa huyo alidai nini, halafu muulize anayedai hicho hicho leo yuko wapi.

Nawasikiliza. Matusi hapana.