Shujaa wa Tanzia

Shujaa wa tanzia ni mhusika mwenye hadhi anayeangamia kwa kosa lake mwenyewe, wala si kwa uovu. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, katika karne ya 4 KK, aliliita kosa hilo hamartia; mfano wake mashuhuri ni Mfalme Edipode wa Sophocles, aliyeng'ang'ania ukweli hadi ukamwangamiza.

Pwani ya kaskazini ya Kenya ina Fumo Liongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, na hakuna mfano unaogusa zaidi. Silaha hazikumdhuru, ila sindano ya shaba kitovuni. Mwanawe alipomuuliza siri hiyo, Liongo alitambua kuwa kijana ametumwa na adui zake, lakini akamwambia. Dosari yake basi haikuwa ujinga. Ilikuwa mapenzi ya baba yaliyoshinda tahadhari. Mfano mwingine uko katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile* (1969), ambamo neno la nabii wa vita vya Majimaji linamzidi nguvu mwenyewe. Hata leo kiongozi anaweza kuponzwa na ujasiri uleule uliompandisha.

Liongo naye alichomwa sindano hiyo na mwanawe usingizini. Alifia kando ya kisima, amepiga goti, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai.