Kodi ya Nyumba ya Marehemu

Mtu akifa huacha mali, na mara nyingi huacha deni. Katika miji yetu leo, mrithi aendaye kwenye ofisi ya kaunti kuuliza habari za kiwanja cha marehemu baba yake huweza kuambiwa kwamba kodi ya ardhi haikulipwa kwa miaka mingi, na kwamba faida ya deni hilo imezidi kukua mwaka kwa mwaka. Hawezi kukiandikisha kiwanja kwa jina lake mpaka apate hati ya kuonyesha kwamba hakidaiwi. Husimama mbele ya karani akajiuliza: Je, deni hili ninalolipa ni la nani?

Swali hili, msomaji, si geni katika nchi yetu. Bibi zetu waliliuliza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, nao waliliuliza juu ya nyumba za udongo na nyasi, ambazo hawakuuziwa na mtu wala hawakuzijenga katika ardhi ya mtu.

Katika mwaka wa 1901 Serikali ya Kiingereza ilitoa kanuni za kutoza kodi kila nyumba ya Mwafrika. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kugharimu fedha nyingi sana, na utawala mpya ulihitaji mapato. Tena walowezi walipoanza kuja walihitaji watu wa kuwafanyia kazi mashambani, na mtu asiyedaiwa fedha hana haja ya kutoka kwao kwenda kuzitafuta. Kodi yenyewe mwanzo ilikuwa rupia 1 au 2, na kabla ya miaka mingi kupita ikawa 3. Katika miaka ile ya awali asiyekuwa na rupia aliweza kutoa mbuzi, au kuilipa kwa kazi ya mikono yake.

Hapa sina budi kusimama kidogo juu ya jina lake. Waswahili waliiita kodi ya nyumba. Wewe ukisikia maneno hayo leo, wafikiri juu ya mpangaji anayemlipa mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi. Basi wazia mzee aliyekata miti yake mwenyewe, akaezeka kwa nyasi za bonde la baba zake, kisha akajiwa na mtu mwenye daftari kumwambia kwamba anadaiwa kodi ya nyumba. Sijui kama mzee huyo alihitaji mfasiri wa kumweleza kwamba amekuwa mpangaji.

Lakini ubaya wa kodi hii haukuwa katika jina, bali katika hesabu. Katika makabila yetu mengi kila mke alikuwa na nyumba yake, na serikali ilihesabu nyumba, haikuhesabu uwezo wa mtu. Mume alipokufa wake zake walibaki chini ya ulinzi wa ndugu yake au wa mwana mkubwa, kwa maana desturi haikumwacha mjane peke yake. Huo ulikuwa wajibu wa ukoo, nao ulikuwa wa heshima. Sasa fanya hesabu ndogo. Tuseme mtu ana wake wawili, na ndugu yake amekufa akaacha wajane watatu. Kwa kodi ya rupia 3, jana alikuwa akidaiwa rupia 6. Leo adaiwa 15, wala mazao hayakuongezeka, wala ng'ombe hawakuzaa zaidi kwa sababu ya msiba. Kumpokea mjane kulikuwa ni kupokea pia daftari la kodi. Na mjane asiyekuwa na ndugu wa kumlipia alidaiwa yeye mwenyewe. Afisa wa wilaya aliweza kumsamehe maskini, lakini msamaha ulikuwa hisani ya mtu, haukuwa haki ya mjane.

Watu hawakukosa akili ya kujihami. Wengi walikaa kwa kusongamana katika nyumba moja ili nyumba za kuhesabiwa zipungue. Katika mwaka wa 1910 sheria mpya iliongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na nyumba, na kijana aliyedhani ameponea upande mmoja akanaswa upande wa pili. Asiyelipa aliweza kukamatiwa mali yake, au kufungwa.

Kisha ikaja vita ya 1914. Kodi ilipandishwa ikawa rupia 5, na katika miaka hiyohiyo wanaume kwa maelfu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi katika mapigano dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika. Jina la kikosi chao, kwa matamshi ya watu wetu, limebaki mpaka leo katika mtaa wa Kariokor hapa Nairobi na katika Kariakoo ya Dar es Salaam. Walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa kuliko kwa risasi. Nyumba walizoziacha hazikufutwa katika daftari kwa sababu mwenyewe alikufa katika kazi ya serikali.

Katika mwaka wa 1920 kodi ilifikia rupia 8, na fedha zilipobadilishwa zikawa shilingi 16. Mwaka uliofuata walowezi wakaazimia kupunguza mishahara kwa theluthi. Hapo subira ikaisha. Harry Thuku, karani kijana wa Nairobi, alihutubia mikutano juu ya kodi, kipande na mishahara, mpaka akakamatwa mwezi wa Machi 1922. Tarehe 16 watu waliokusanyika kudai afunguliwe walipigwa risasi, na serikali yenyewe ilikiri kwamba walikufa 21. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke, Mary Muthoni Nyanjiru, ambaye watu humkumbuka kwa kuwakemea wanaume waliokuwa wakisitasita. Upande wa Nyanza, mkutano mkubwa wa Lundha mwezi wa Desemba 1921 ulikuwa umekwisha kutoa madai yake, na ndani yake lilikuwamo dai kwamba kodi ipunguzwe na wanawake wasitozwe. Gavana Northey alikwenda kuwasikiliza mwezi wa Julai 1922. Mwaka huo kodi ilishushwa ikawa shilingi 12.

Nakusihi usome tena dai lile la wanawake. Vitabu vingi hulipita kwa haraka kwa kuwa vinakimbilia majina ya vyama na viongozi. Lakini waliolitoa walikuwa wanaume waliojua kwamba wakifa wake zao watahesabiwa. Chama cha Wakikuyu cha wakati ule nacho kililirudia baadaye, na Sir Alan Pim alipoletwa mwaka wa 1936 kuchunguza fedha na kodi za Kenya, mzigo wa nyumba za wajane na wazee ulikuwa bado upo pale pale, haujaondolewa.

Kuna jambo moja lililosalia, nami huwaeleza wanafunzi wangu kila mwaka. Wapagazi wengi waliokufa vitani walikuwa na mishahara ambayo haijalipwa. Majina yalikuwa yameandikwa vibaya, ndugu hawakupatikana, na fedha zikabaki mikononi mwa serikali. Kwa miaka mingi baada ya vita maombi yalipelekwa London kwamba kiasi hicho kirudishwe kwa faida ya watu ambao wafu hao walitoka kwao. Hazina ya Uingereza ilikataa. Lakini majina yaleyale, ambayo hayakuweza kusomeka siku ya kulipa mshahara, yalikuwa na nyumba, na nyumba zilikuwa na wajane, na mwenye daftari alijua njia ya kuzifikia.