Ingrid, jina la mungu wa mvua

Hivi karibuni nilialikwa kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani yangu. Baba alitaka binti yake aitwe Masika, jina la bibi mzaa baba, ambaye alizaliwa wakati wa mvua kubwa. Mzee mmoja wa kanisa akakataa. Masika si jina la Kikristo, alisema, leteni jingine. Wazazi wakatazamana. Mama akamkumbuka muuguzi wa Kiswidi aliyemhudumia utotoni, akasema basi aitwe Ingrid. Mzee akaandika bila kuuliza neno.

Siku hiyo nilinyamaza, maana ubatizoni si mahali pa kubishana. Leo naomba niseme.

Ingrid ni jina la watu wa Uswidi, Norwei na Denmaki, na limeundwa kwa maneno mawili ya lugha yao ya kale. La pili maana yake ni mzuri, mwenye kupendeza. La kwanza ni Ing, na huyo Ing alikuwa mungu. Jina lake jingine ni Freyr. Wahenga wa huko waliamini kwamba ndiye mwenye amri juu ya mvua na jua, wakamwomba mavuno na amani. Wafalme wa kale wa Waswidi walijigamba kuwa wa uzao wake. Padri mmoja, Adam wa Bremen, aliandika katika miaka ya 1070 kwamba sanamu ya mungu huyo ilisimama hekaluni Uppsala pamoja na za wenzake wawili, na kwamba yeye ndiye aliyetolewa sadaka watu walipooana.

Ukristo ulipoenea, sanamu ziliondoka, na mwaka 1164 Uppsala hiyo hiyo ikapata askofu mkuu. Jina halikuondoka. Mabinti waliendelea kubatizwa Ingrid. Mwaka 1281 mjane mmoja mwenye jina hilo alianzisha katika mji wa Skänninge nyumba ya watawa wa kike wa Mtakatifu Dominiko, ya kwanza nchini Uswidi. Alifariki mwaka uliofuata, na watu wakamheshimu kama mtakatifu. Sidhani kama kuna aliyemtuma akatafute jina la dini!

Baadaye jina lilipata na fahari ya kifalme. Binti mfalme Ingrid wa Uswidi, aliyezaliwa mwaka 1910, alikuwa malkia wa Denmaki mwaka 1947. Mcheza filamu Ingrid Bergman, aliyezaliwa Stockholm mwaka 1915, aliitwa kwa jina lake. Na mwaka 2004 mjukuu wa mfalme wa Norwei akapewa jina hilo hilo la mwenye mvua.

Mtoto wa jirani sasa anatambaa. Cheti chake kinasema Ingrid. Bibi yake, asiyejua neno hata moja la Kiswidi, humwita Masika, na mtoto hugeuka.