Askari Kijana katika Vita vya Kagera: Somo kutoka Karagwe

Inapozungumzwa historia ya vita vya kumng'oa nduli Idi Amin, mara nyingi husemwa kama historia ya makamanda na miji. Tunatajiwa Mutukula, Masaka, Lukaya, Entebbe na Kampala, na tarehe ambazo kila mji ulitwaliwa. Historia hiyo ni ya kweli na ina heshima yake. Lakini kwa mtu anayeyatazama mambo kwa itikadi ya Chama haitoshi, kwa kuwa inaliacha kando swali la msingi: aliyekwenda vitani alikuwa nani, alilelewa na nini, na alikufaje? Tumeona vema kulijibu kwa kumtazama askari kijana wa Karagwe, wilaya ambayo mwaka 1978 ilikuwa bado moja, kabla Kyerwa haijafanywa wilaya peke yake mwaka 2012. Hatumtaji mtu mmoja kwa jina. Tunalizungumzia rika zima.

Tumchukue kijana aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza. Alizaliwa mwaka 1958, chini ya Mwingereza. Uhuru ulimkuta na miaka 3, asijue lolote. Azimio la Arusha lilimkuta na miaka 9, yuko shuleni kama alibahatika kupata shule. Alikuwa na miaka 13 ulipotolewa Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, na miaka 19 Chama Cha Mapinduzi kilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977. Yaani hakuna sehemu ya ujana wake iliyopita nje ya mapambano ya kujenga Ujamaa na Kujitegemea. Nyumbani alilima migomba, maharage na kahawa, na jioni alijifunza kwata katika uwanja wa kijiji.

Kwata ile haikuja bure. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na Taifa likajifunza kwamba jeshi lililorithiwa kwa mkoloni, lisilo na siasa, ni hatari kwa wananchi wenyewe. Jeshi hilo lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likaundwa Jeshi la Wananchi. Kisha yakaja mambo mawili yaliyofuatana kwa karibu: Novemba 1970 Wareno na vibaraka wao waliivamia Guinea, na Januari 1971 Amin akaipindua serikali ya Uganda. Mwongozo uliandikwa mwezi uliofuata, ukiwa na moshi wa matukio hayo. Ndiyo maana unasema kwa mkazo juu ya mgambo, kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya umma na askari wa kambini ni sehemu yake tu. Wapo wanaoudhani mgambo ulikuwa maandamano ya sherehe. Watu wa mpakani hawakuwa na nafasi ya kudhani hivyo.

Mwenye ramani aitazame Karagwe. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliuchora mpaka kwa kufuata mstari wa digrii moja kusini mwa ikweta, bila kumwuliza mtu yeyote aliyekaa hapo. Kwa upande wa Murongo, katika Kyerwa ya leo, mto Kagera wenyewe ndio mpaka, na ng'ambo yake ni Kikagati ya Uganda. Mashariki zaidi mto unaingia ndani ya nchi yetu, na ardhi iliyo kaskazini ya mto, kiasi cha kilomita za mraba 1,800, ni ya Tanzania. Ardhi hiyo ndiyo majeshi ya Amin yaliyoivamia mwisho wa Oktoba 1978, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ni yake, eti mto ndio mpaka wa haki. Siku chache baadaye wavamizi wakalivunja daraja la Kyaka. Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ilikuwa habari ya redio. Kwa mtu wa Kayanga au Nkwenda, Kyaka ndipo barabara ya kwenda Bukoba inapopita. Mlango wa nyumba yake ulikuwa umefika vitani.

Mwalimu alipolihutubia Taifa tarehe 2 Novemba, jibu lilikuwa tayari limeandaliwa na miaka saba ya mgambo. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 lilipanuka kwa muda mfupi likapita 150,000, na kati yao kiasi cha 40,000 walikuwa wanamgambo. Wahandisi walitandika daraja la muda Kyaka katika mwezi huo huo, na majeshi yakavuka.

Kutoka hapo safari ilikuwa ya miguu. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Askari wetu wengi walitembea kutoka Mutukula mpaka Kampala, na wengine wakaendelea hadi mpaka wa Sudan, walikofika mwanzoni mwa Juni 1979, wakibeba silaha na chakula, wakipita matope na mabwawa kama yale ya Lukaya, ambako Machi 1979 walikutana na askari wa Libya waliotumwa kumwokoa Amin. Kijana wa Karagwe alikuwa na jambo moja zaidi. Kinyambo chake na Kinyankole ni lugha za udugu. Huko Ankole aliwasikia akina mama wakisema maneno ya nyumbani kwao. Kwake neno kwamba adui ni Amin wala si wananchi wa Uganda halikuhitaji mwalimu wa siasa. Wengine walilihitaji. Mutukula ilipotwaliwa Januari 1979 iliharibiwa na raia wakauawa, na Mwalimu akachukizwa, akaagiza raia wasiguswe. Tunalitaja kwa sababu makada wanaolificha huwafundisha vijana kwamba hasira ni itikadi.

Sasa kifo. Waandishi wa habari Tony Avirgan na Martha Honey, waliofuatana na majeshi yetu, wameandika kwamba askari wa Tanzania waliokufa katika vita hivyo ni 373, na waliouawa na adui kati yao ni 96 tu. Waliobaki walikufa kwa ajali na sababu nyingine zisizo za mapigano. Makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, yanahesabiwa kuwa na mashujaa 619. Hesabu hizi hazilingani, wala hatuzilazimishi zilingane. Lakini hata tukizipunguza au kuziongeza, hesabu ya waandishi hao inatudai tukubali kwamba wengi wa vijana wale hawakufa wakiishambulia ngome. Tukiwasimulia watoto juu ya wale waliopigwa risasi tu, tunawaua wengine mara ya pili.

Kuna ndugu watakaosema kifo cha lori lililopinduka usiku si kifo cha kishujaa. Hiyo ni fikra ya kimwinyi, inayompima askari kama mkuki wa mtawala. Katika vita vya umma, aliyepeleka unga na risasi alikuwa anapigana. Lori lile lilikuwa barabarani usiku kwa sababu nchi maskini, yenye barabara mbovu na magari machache, iliamua kutokubali kunyang'anywa ardhi. Gharama ya uamuzi huo ililipwa na dereva, mpishi na mwanamgambo aliyekuwa amelala juu ya mizigo.

Kwa desturi ya Karagwe, kama ilivyo Buhaya, maiti huzikwa kibanjani, kati ya migomba, ili ukoo uendelee kuishi naye. Kijana aliyezikwa Kaboya amelala safu moja na wenziwe kutoka mikoa mingine, mbali na migomba ya baba yake. Mwaka 1979 mkoa wa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera, na jina hilo linatajwa kila siku na watu wasiomkumbuka. Tunapendekeza matawi ya Karagwe na Kyerwa yaandike, wazee waliomwona akiondoka wangali hai, jina la kila kijana wa kijiji aliyekwenda asirudi, kazi aliyopewa jeshini, na alivyokufa. Na pale ambapo ilikuwa ajali, iandikwe ajali.