Nani Alituambia Mbwa Anataka Kupigwa?

Mbwa wa Ruiri hana cheti. Anazaliwa chini ya ghala la mahindi, anapewa jina la Simba au Bosco, na kabla hajakomaa kazi zake anazijua: kuwafuata mbuzi mchana, kubweka usiku. Huku Buuri, ambako miteremko ya Meru inaishia kwenye nyanda kavu za Isiolo, wizi wa mifugo si hadithi, na mbwa asiyebweka anakula makombo ya bure. Uliza alifunzwa na nani, utaambiwa alimfuata mama yake. Uliza adabu aliitoa wapi, utaonyeshwa fimbo.

Binadamu amempiga mbwa tangu amfuge. Ila miongoni mwa waliolifanya pigo kuwa somo, lenye mwalimu na kitabu, walikuwemo polisi wa Ujerumani. Konrad Most alianza kuwafunza mbwa wa polisi mjini Saarbrücken mwaka 1906, na mwaka 1910 akatoa kitabu kilichosomwa na majeshi na polisi wa nchi nyingi. Kwake mafunzo yalikuwa pambano ambalo ni lazima mtu ashinde, hata kwa kiboko na mnyororo wa meno shingoni. Tusimwonee, maana Most aliona mapema jambo ambalo wengi wetu hatujaliona hadi leo: mbwa hajui maadili ya kibinadamu, na adhabu au tuzo ikichelewa haimfunzi kitu. Bahati mbaya waliomfuata wengi walishika kiboko na kuiacha hekima.

Kikosi cha mbwa cha Polisi wa Kenya kilianzishwa mwaka 1948. Miaka minne baadaye ikatangazwa hali ya hatari, na Waingereza wakaingiza mbwa wa kunusa katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau. Upande wa Meru wapiganaji wa Musa Mwariama walikaa msituni hadi uhuru wa 1963. Mbwa aliyesoma, kwa hiyo, wananchi wengi walimjua kwanza akiwa mkononi mwa askari, pua chini, akimtafuta mtu. Sishangai kwamba baada ya uhuru tulichokirithi kwa wingi ni kibao cha "MBWA KALI" getini, pamoja na imani kwamba ukimfunga mnyama mchana kutwa na kumfungulia usiku ndipo atakapokuwa na maana.

Kwingineko duniani ukali ulikuwa umeshapata wakili wa kisayansi. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alichapisha utafiti wake juu ya mbwa mwitu wa nchi za baridi (si yule wetu mwenye mabaka) waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Aliwaona wakigombania ukubwa. Mmarekani David Mech akaisambaza picha hiyo katika kitabu chake cha 1970, na walimu wa mbwa wakaidaka: mwenye mbwa awe dume kuu, amlaze mnyama chali, ale kabla yake, apite mlangoni kwanza. Tatizo ni kwamba wale wa Basel walikuwa wageni waliokusanywa ndani ya ua mmoja. Mech mwenyewe alikwenda kuwatazama walio huru katika kisiwa cha Ellesmere, Kanada, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Hakuna kiti cha enzi kinachopiganiwa. Kwa miaka mingi alimsihi mchapishaji aache kukitoa kile kitabu.

Hata hivyo fikra ya dume kuu haijafa. Mbwa anayejikunyata akisikia hatua za bwana wake bado husifiwa kuwa ana heshima. Huyo ana woga, na mwenye woga hujificha au huuma.

Njia nyingine ilikuwepo muda wote. Mwaka 1951 mwanasaikolojia B. F. Skinner alieleza jinsi ya kumfunza mnyama kwa kidude kinacholia "tak" mara tu anapofanya sawa, kisha chakula. Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO linatumia mbinu hiyo kuwafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, tuzo ikiwa ndizi. Panya huwezi kumtisha akakufanyia kazi.

Wala Ruiri haihitaji kwenda Morogoro kutafuta mfano. Kaskazini-magharibi, ndani ya kaunti hiyohiyo ya Meru, ipo Lewa, iliyoanza kama hifadhi ya vifaru mwaka 1983. Askari wake hufuata nyayo za majangili wakiongozwa na bladihaundi, mbwa wa masikio marefu yanayoning'inia. Mnyama huyo hutangulia, askari akiwa nyuma ameshika kamba ndefu. Hapo amri haina kazi kubwa, kwa sababu mwenye habari ni mbwa. Mafunzo ya namna hii huanza kama mchezo wa kujificha: mtu anajibanza kichakani, mtoto wa mbwa anamfuata kwa harufu, akimpata analishwa na kusifiwa. Wajukuu wa fani ileile iliyowasaka watu wa Mwariama leo wanalinda vifaru.

Mchungaji wa zamani naye hakuwa mbali na ukweli. John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu chao cha 1965, walionyesha kwamba wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili ndizo humjenga mbwa. Anayemzoea wakati huo humwamini. Miongoni mwa aina tano walizozichunguza alikuwemo basenji wa Kongo. Mtoto wa mbwa aliyekulia zizini na kuchezewa na watoto, basi, alikuwa ameshapita shule.

Shule hiyo ina kazi hata leo: Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya kichaa cha mbwa, na chanjo inataka mbwa anayeshikika. Yule aliyelelewa kwa mnyororo akimwona daktari wa mifugo anaruka ua, na baba mwenye nyumba anabaki ameshika kamba tupu. Mara nyingi anayemrudisha ni mtoto anayempa chakula kila jioni.