Kuanzia Sufuri

Zoezi lililonifanya nijione mtu wa kompyuta, enzi zile nikiwa chuoni, lilikuwa la kubahatisha namba ya siri. Mwalimu alitupa kazi: kuna pini ya tarakimu nne, kama ile ya M-Pesa, iambieni mashine ijaribu zote. Mistari michache tu ya programu, kutoka 0000 mpaka 9999. Namba 10,000. Nikabonyeza, na kabla sijainua kidole jibu lilikuwa liko kwenye kioo.

Nikalewa sifa. Nikajaribu nywila ya herufi ndogo sita: hapo kuna 308,915,776. Nikaenda nane, zikawa zaidi ya bilioni 208. Laptopu ya kuazima ikaanza kuvuma kama feni bovu. Mwalimu akapita nyuma yangu akacheka. "Sasa nguvu zimekuishia," akasema. "Anza kumfikiria mwenye kufuli."

Muhula uliofuata karo haikupatikana, nikarudi Utange. Sikutoka na cheti, lakini maneno yale nilitoka nayo.

Miaka imepita, nikawa mtu wa kuandika makala za vibarua, na siku moja nikitafuta habari za vita nikakuta kwamba kazi ya kufungua kufuli kama hizo iliwahi kufanyika hapa hapa Mombasa. Si Uingereza, si Marekani. Kisiwani, safari ya matatu kutoka kwetu, kwenye shule ya Allidina Visram.

Ilikuwa hivi. Waingereza walikuwa na ofisi ya kunasa na kufumbua mawasiliano ya jeshi la majini la Japani. Ilikuwa Hong Kong, ikahamia Singapore, na Wajapani walipokaribia ikakimbilia Colombo mwanzoni mwa 1942. Singapore ikaanguka Februari. Tarehe 5 Aprili, Jumapili ya Pasaka, ndege za Japani zikaipiga Colombo. Manowari za Waingereza zikarudi nyuma hadi Kilindini, na wafumbuzi wa siri wakaja nazo. Wakapewa shule ile, iliyobeba jina la mfanyabiashara aliyekuwa na maduka kutoka pwani mpaka Uganda. Masimulizi niliyoyasoma yanataja majina ya Waingereza. Aliyefagia madarasa yale na kuwachemshia chai hatajwi.

Hali yao ilikuwa ngumu. Mombasa iko mbali na Japani, mawimbi ya redio yalifika yamechoka, na watu wa kazi hawakutosha. Mbele yao kulikuwa na msimbo walioupa jina JN-40, uliotumiwa na meli za mizigo za Japani. Hizi ndizo zilizobeba chakula, mafuta na askari, kwa hivyo aliyejua zinakopita alijua pa kuzivizia.

Msimbo huo ulikuwa na tabaka mbili. Kwanza maneno yaligeuzwa kuwa jozi za tarakimu kwa kufuata jedwali. Kisha tarakimu zile zikapangwa kwenye safu, na safu zikavurugwa mpangilio. Kwa mfano tu: safu 10 unaweza kuzipanga kwa namna 3,628,800. Na hapo hujagusa jedwali lenyewe. Mtu mwenye penseli, hata akijaribu usiku na mchana, angezeeka kwenye dawati la mwanafunzi. Hata mashine za Bletchley Park, zilizopambana na Enigma ya Wajerumani, hazikujaribu kila kitu kiholela. Zilihitaji mtu abahatishe kwanza neno fulani lililomo ndani ya ujumbe.

Kilichoifungua JN-40 ni uzembe. Septemba 1942 mtumaji mmoja wa Kijapani alituma ujumbe akasahau kuandika meli iko wapi. Badala ya kutuma nyongeza peke yake, akautuma ujumbe mzima upya, kwa funguo zile zile, safari hii akiongeza mahali ilipo. John MacInnes na Brian Townend, waliokuwa Kilindini, wakapata matini mbili karibu sawa. Wakazilinganisha, wakaona kipi kimesogea na kipi kimebaki. Kufikia Novemba walikuwa wanasoma ujumbe wa zamani na mpya ukiingia. Ndani ya majuma mawili wakafungua mingine miwili, JN-167 na JN-152. Mwaka uliofuata ofisi ikarudi Colombo.

Niliposoma hayo nikakumbuka mkoba wa babangu.

Marehemu alikuwa karani wa stoo, na karatasi zake zote zilikaa ndani ya mkoba wa ngozi wenye kufuli la tarakimu tatu. Alipofariki, likazuka neno kuhusu mpaka wa kiwanja chetu. Huku kwetu wengi tumejenga bila hatimiliki. Karatasi ya kuuziana ndiyo ngao. Mamangu akataka tuukate mkoba kwa kisu. Nikamwambia, "La, mama, hii kazi niliisomea."

Namba 1,000, sekunde tatu kila moja, haifiki saa nzima. Nikaketi barazani nikaanza 001. Nikafika 999, vidole vimechubuka, mkoba kimya. Mamangu akatoka na sufuria mkononi. "Babako alikuwa hakumbuki hata umri wenu," akasema. "Hiyo namba ya dukani aliibadilisha lini?"

Nilikuwa nimeiruka 000. Niliona hakuna mtu mzima angeiacha hivyo.

Ukafunguka. Karatasi ya kiwanja ilikuwepo, saini za mashahidi bado zinasomeka. Chini yake kulikuwa na risiti zangu za karo, za mihula yote niliyosoma, zimefungwa kwa mpira.

Ukikosea pini mara tatu, M-Pesa hukufungia, na nadhani sasa unaelewa kwa nini: namba 10,000 si ukuta, ukuta ni kunyimwa nafasi ya kujaribu. Lakini hata hivyo kuna anayeweka mwaka wake wa kuzaliwa, na kuna anayerudia ujumbe kwa funguo zile zile kwa kuwa zamu inakaribia kwisha. Mwalimu wangu alikuwa sahihi. Mamangu hakuwahi kukaa darasani kwake, na alimwelewa kuliko mimi.